Hilo "licha ya" liondoke kwenye ukurasa wa sanaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie makala iliyotoka Jumamosi iliyopita katika ukurasa wenu wa sanaa, ile ya Yinka Shonibare, msanii wa Uingereza mwenye asili ya Nigeria. Kwanza nawashukuru kwa kumwandika, maana si kawaida ya magazeti yetu kumpa msanii wa aina yake nusu ukurasa ambao ungeweza kwenda kwa Simba na Yanga. Lakini kichwa cha makala kilisema ameitikisa dunia "licha ya ulemavu", na nilipohesabu niliona hayo maneno "licha ya" yanarudi mara nne zaidi ndani ya makala yenyewe, ilhali kitambaa, ambacho ndicho kilichoibeba kazi yake kwa miaka mingi, kilitajwa mara moja tu, tena kwa makosa, katika maelezo ya picha: "nguo za vitambaa vya asili vya Kiafrika".

Mimi ni fundi cherehani. Nashona Kariakoo, chini ya ngazi za jengo la ghorofa, mwaka wa 23 sasa. Polio ilinipata kabla sijaanza shule, na mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa inchi mbili na nusu, kwa hiyo cherehani yangu naikanyaga kwa mguu mmoja. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akalikuta mwishoni mwa barua akadhani ndiyo siri yake. Sasa turudi kwenye kitambaa.

Kile ambacho maelezo yenu ya picha yalikiita cha asili ni kitenge cha waksi, na kitenge cha waksi hakina asili ya Afrika. Kilianza kama mwigo wa batiki za Java, kisiwa cha Indonesia ya leo, ambako mafundi walichora kwa nta kwa mkono, wakatia kitambaa rangi, kisha wakaiyeyusha nta. Waholanzi, waliokuwa wakiitawala Java, walitafuta njia ya kuifanya kazi hiyo kwa mashine ili wauze kwa wingi, na katika karne ya 19 viwanda vyao, kikiwamo kile cha Vlisco kilichoanzishwa mjini Helmond mwaka 1846, vikaingia katika biashara hiyo. Soko kubwa wakalipata kwetu, katika pwani ya Afrika Magharibi. Ile mishipa myembamba ya rangi inayoonekana kwenye kitambaa kama nyufa za ukuta, ambayo wateja wangu wanadhani ni ufundi wa makusudi, ilitokana na nta iliyokuwa ikipasuka ndani ya mashine na kupitisha rangi mahali isipotakiwa. Kwa maneno mengine, ilikuwa kasoro ya kiwandani, na Waafrika wakaipenda kasoro hiyo hadi ikawa ndiyo alama ya kitambaa kizuri.

Shonibare alizaliwa London mwaka 1962, akapelekwa Lagos akiwa na miaka mitatu, na akarudi Uingereza akiwa kijana. Alipokuwa mwanafunzi wa sanaa alikuwa akifanya kazi kuhusu mageuzi ya kisiasa ya Urusi ya Kisovieti, na mwalimu wake akamuuliza kwa nini hafanyi sanaa halisi ya Kiafrika. Swali hilo lilimpeleka soko la Brixton, kusini mwa London, ambako aliwakuta wauzaji wa vitenge, na hapo ndipo alipojua kitambaa hicho cha "Kiafrika" kinatoka wapi. Tangu hapo amekitumia kumjibu mwalimu yule: mnataka kitu halisi, basi hiki hapa, kimebuniwa Java, kimechapwa Uholanzi, kimevaliwa Lagos, kimenunuliwa London. Kuandika chini ya picha ya kazi yake kwamba hivyo ni vitambaa vya asili vya Kiafrika ni kurudia swali la mwalimu baada ya jibu kukwisha kutolewa. Nasi hapa Dar es Salaam tusijione tuko mbali na habari hiyo. Wengi wetu tulivishwa vitenge na kanga za kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, na hakuna bibi aliyemwambia mjukuu wake kwamba anajifunga kitu cha kigeni.

Nimekaa kwenye kitambaa kwa muda kwa sababu naamini makosa hayo mawili, la kitambaa na la "licha ya", yana chanzo kimoja, nacho ni kwamba mwandishi wenu aliangalia kiti cha magurudumu, akaona habari imekwisha.

Ni kweli kwamba akiwa na miaka 18 Shonibare alipatwa na maradhi ya neva za uti wa mgongo yaliyompooza, na kwamba upande mmoja wa mwili wake haukurudi kama ulivyokuwa. Hilo lazima liandikwe. Hoja yangu ni mahali pa kuliandika, na kiungo cha kuliunganisha na mengine. Mwaka 1994 alitengeneza kazi iitwayo Double Dutch, yaani vipande 50 vidogo vya kitenge vilivyowambwa kama turubai, vikapakwa rangi, vikapangwa kwa mistari juu ya ukuta wa rangi ya waridi. Wachoraji wakubwa wa kizazi kilichomtangulia, hasa wale wa Marekani, walijisifia turubai la ukuta mzima, ambalo mchoraji hupigana nalo kwa mwili wote, akipanda ngazi na kushuka, akimwaga rangi kwa ndoo. Mwili wa Shonibare haukuwa wa kazi hiyo. Basi alilichukua turubai la kishujaa akalikatakata vipande ambavyo mkono wake unavimudu, akavitawanya ukutani, na ushujaa wenyewe ukaanza kuonekana kama jambo la kuchekesha kidogo. Yeye mwenyewe amelihusisha umbo la kazi hiyo na kile ambacho mwili wake unaweza na usichoweza. Sasa niambie, Mhariri, kazi hiyo imefanyika licha ya mwili wake? Kama fundi nasema imekatwa kwa kipimo cha mwili wake, kama gauni lolote linalomkaa mwenyewe.

Sisemi kwamba maradhi ni neema. Aliyewahi kupanda daladala la Mbagala saa kumi na moja jioni kwa mguu kama wangu hawezi kusema hivyo, na wanaosema hivyo kwa kawaida wana gari. Nasema tu kwamba mwili ni sehemu ya akili ya kazi, na anayeandika habari za sanaa ana wajibu wa kuonyesha umeingiaje humo.

Picha mliyoichapa, ijapokuwa mliipunguza hadi ukubwa wa kiganja, ilikuwa ya kazi yake ya mwaka 2001, Bembea, iliyotokana na mchoro mashuhuri wa Fragonard wa Ufaransa wa kiasi cha mwaka 1767. Mwanamke amekaa juu ya bembea katikati ya majani, gauni lake ni la mtindo wa mabwanyenye wa karne ya 18, lakini limeshonwa kwa vitenge vya michoro tofauti, na kiatu chake kimoja kimechomoka kiko angani. Kichwa hana. Wamwandamao Shonibare wanajua kwamba vichwa hivyo visivyokuwapo vinakumbusha mashine ya kukatia shingo ya Mapinduzi ya Ufaransa, iliyowasubiri watu wa tabaka la huyo dada miaka ishirini na kitu mbele yake. Lakini pia mtu asiye na uso, ambaye ngozi yake haina rangi unayoweza kuitaja kwa uhakika, hukunyima njia ya haraka ya kumpangia kabila, taifa au sura. Unabaki na nguo na mkao. Mimi niliitazama picha hiyo kwa lensi ninayotumia kutungia sindano, na nilichokiona kwanza ni marinda: mtu aliyeyashona alijua kwamba kitenge ni kizito kuliko hariri na hakikubali kuanguka kwa ulaini uleule, na badala ya kupambana nacho amekiacha kisimame. Cha pili nilichokiona ni kiatu. Mimi viatu vyangu hupelekwa kwa fundi kuongezwa soli upande mmoja, kwa hiyo kwa miaka mingi sijawahi kuona kiatu kimoja peke yake nisijiulize ni cha mguu upi.

Mwandishi wenu aliziita sanamu hizo "za kutisha". Namwalika aje Kariakoo. Mbele ya kibanda changu kuna duka la blauzi lenye midoli saba, na minne kati yake haina vichwa. Mmoja umevunjika mkono wa kulia chini ya bega tangu mwaka juzi, na kijana wa duka kila asubuhi huuvisha blauzi ya mikono mirefu, akajaza mkono ulio mtupu kwa gazeti lililofinyangwa (samahani, Mhariri, mara nyingi ni lako), akaukunja na kuubana kiunoni kwa pini ili uonekane umesimama kwa madaha. Hauzi chini ya wenzake.

Na watu je? Nimepima watu kwa miaka 23 na sijakutana na mtu ambaye mabega yake mawili yako sawa. Anayebeba mkoba upande mmoja bega lake limeshuka, mama aliyelea watoto wanne nyonga yake moja imetoka nje, dereva wa lori mgongo wake umepinda kuelekea dirishani. Kazi ya fundi ni kuificha tofauti hiyo, nusu inchi hapa, pindo pale, na mteja anaondoka akiamini kwamba yeye ni mnyoofu na kwamba sisi wachache ndio tuliopinda. Sijawahi kumwambia mteja yeyote ukweli wa daftari langu la vipimo, maana nahitaji arudi.

Lugha yetu nayo ina sehemu yake katika jambo hili. Tulipokuwa wadogo tuliitwa vilema, viwete, vipofu, viziwi, vibyongo, majina yanayokaa katika ngeli moja na viti na vikombe. Baadaye tukawa walemavu, na sasa, kwa haki kabisa, tunaitwa watu wenye ulemavu, kama inavyosema Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Magazeti yamelipokea neno jipya, nayapongeza, lakini hiyo "licha ya" imeingia kwa mlango wa nyuma na kuturudisha kwenye ngeli ya ki-vi. Ina maana kwamba kilichotarajiwa kwetu ni kutofanya lolote. Methali yetu wenyewe ina akili kuliko hiyo. Tunasema hujafa hujaumbika, na ingawa watu huitamka kwa sauti ya chini mlemavu anapopita, kama onyo au kama kujikinga na balaa, maneno yenyewe hayana huruma wala vitisho ndani yake. Yanasema tu kwamba kila aliye hai bado yuko mikononi mwa mfinyanzi. Sijui tamko linaloieleza vizuri zaidi kazi ya mtu anayechonga miili kwa vitambaa.

Hata sanaa ya hapa mjini ingelimfundisha mwandishi wenu, kama angepita kwanza Mwenge, kwa wachongaji wa vinyago. Wamakonde wamechonga mashetani wa mpingo kwa miongo mingi, wenye jicho moja, tumbo lililojipinda hadi mgongoni, mguu unaoota begani, na mtalii anayenunua hasemi mchongaji amekosea. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na ambaye kabla ya kujulikana kama msanii alikuwa mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, alijaza mbao na turubai zake viumbe vya masikio makubwa, matumbo yaliyovimba na vidole viwili au vitatu, wakicheka, wakicheza ngoma, wakigombana. Alivichora hivyo kwa miaka mingi akiwa na miguu yote miwili. Katika miaka yake ya mwisho kisukari kilimnyang'anya miguu hiyo, naye akaendelea kufanya kazi hadi alipofariki hapa Dar es Salaam mwaka 2005. Viumbe vyake vya kabla na vya baada ya kukatwa miguu vinacheka kicheko kilekile. Nani angethubutu kuandika kwamba vile vya mwanzo ni sanaa na vile vya mwisho ni ushujaa?

Niruhusu, Mhariri, nikupeleke hadi uwanja wa Trafalgar mjini London, kwa sababu makala yenu ilipita hapo bila kusimama. Kuna jukwaa moja la mawe uwanjani hapo ambalo lilikaa tupu muda mrefu na sasa huwekwa kazi za sanaa kwa zamu. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2007 lilibeba sanamu ya marumaru ya Alison Lapper akiwa mjamzito, mwanamke aliyezaliwa bila mikono na mwenye miguu mifupi. Sanamu ilichongwa na Marc Quinn, mtu mwenye viungo vyote, na watu waligombana kama inafaa kuonyesha mwili wa namna hiyo mahali pa mashujaa wa taifa. Katika kelele hizo wengi walisahau kwamba Lapper mwenyewe ni msanii na anachora kwa mdomo. Mwaka 2010 jukwaa hilohilo likapewa Shonibare, naye akaweka mfano wa meli ya Admirali Nelson, kamanda wa majini wa Uingereza, ndani ya chupa kubwa, yenye matanga 37 ya kitenge. Sasa iko Greenwich, kwenye jumba la makumbusho ya bahari. Na juu ya yote hayo, katikati ya uwanja, juu ya nguzo yake, amesimama Nelson mwenyewe, ambaye jicho lake la kulia lilipoteza nuru vitani mwaka 1794, na mkono wake wa kulia ukakatwa mwaka 1797. Mchongaji hakuuficha. Mkono wa koti ulio mtupu umekunjwa na kubanwa kifuani, kazi safi ya fundi. Hata hivyo sijasoma popote kwamba Nelson alishinda vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805, vilivyoupa uwanja huo jina, licha ya ulemavu wake. Mwenye cheo na meli huruhusiwa kupungukiwa mkono akabaki admirali.

Mwandishi wenu alisema pia, kwa sauti ya kuhurumia, kwamba Shonibare "hulazimika kutegemea wasaidizi". Ni kweli ana karakana yenye watu, na nguo za sanamu zake hushonwa na mafundi wa mavazi ya maonyesho, wenzangu hao. Lakini ni mkubwa gani asiyetumia mikono ya wengine? Sanamu ya Askari pale makutano ya Samora na Azikiwe, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maandishi yanayowakumbuka wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Majenerali wenye miguu yao kamili walihitaji miguu ya maelfu ya watu wengine, na jina la mtaa ninaoshonea, Kariakoo, linatokana na kikosi hichohicho cha wapagazi. Kwa hiyo neno "kutegemea" lingekuwa la haki zaidi kama mngelitumia kwa kila mtu.

Miaka kadhaa iliyopita, ilipokaribia tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, mwandishi mmoja, si wa gazeti lako, alikuja kibandani kwangu na mpiga picha. Nilikuwa nimemaliza gauni la harusi la kitenge, lenye mkia wa mita mbili na maua ya kukata kwa mkono yaliyonichukua siku kumi na moja, nami nikalitundika kwenye mdoli nikidhani ndilo walilokuja kulipiga. Mpiga picha aliniomba nilisogeze, kwa sababu lilikuwa linauziba mguu wangu. Nililisogeza. Picha ilitoka ukurasa wa tano, na ukiitazama vizuri pembeni kushoto utaona kipande cha pindo.

Ninachoomba ni kidogo. Mtakapomwandika tena Shonibare, au kijana yeyote wa hapa anayefanya kazi kwa mwili usiofanana na wa wengi, mwandishi aanze na kilichotengenezwa: ukubwa wake, kimeungwaje, kimetoka wapi, kinamfanya mtazamaji asimame wapi. Habari ya mwili itaingia yenyewe pale inapohitajika, na itaingia na "kwa sababu" yake. Na yale maelezo ya picha yasahihishwe, hata kwa mstari mmoja wa chini ya ukurasa.

Ikiwa mwandishi ataona nimekuza mambo kuhusu kitambaa, aje Kariakoo siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Nitamwekea mezani vipande viwili, cha waksi na cha kuchapwa upande mmoja, nimwombe avigeuze. Cha pili nyuma kimepauka. Cha kwanza hatajua upande upi ni wa mbele. Hatahitaji kupanda ngazi, niko chini yake.

Wako,
Fundi cherehani, Kariakoo,
Dar es Salaam